Mguu wa Mtoto Hupimwa Mara Mbili

Chumba cha mitambo, shuleni
5 Februari

Shikamoo Babu,

Wewe hunijui, ila mimi nakujua mpaka soksi zako. Usishtuke. Ile roboti waliyokuletea chumbani ni fupi, na jicho lake liko chini, kwa hiyo kila Jumatano sisi huku tunaanza kuona soksi kwanza, ndiyo mwenye soksi anafuata. Ya kushoto imetoboka, lakini hayo tuyaache.

Mimi ndiye ninayekaa na watoto kwenye chumba cha mitambo. Nawawashia kompyuta, naamua ugomvi wa kiti. Wananiita Chaja kwa sababu nilikuwa nauza chaja za simu hapo getini. Siku chaja ya roboti ilipoungua, Madamu wa huu mradi wa watoto na wazee alitoka nayo mkononi akaniuliza, "Wewe, hii unaiweza?" Nikasema naiweza. Sikuiweza. Lakini mpaka anagundua nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, na mtu aliyekaa ni kazi kumwinua.

Hiyo roboti tunaiita Kibuyu, kwa sababu ya kichwa. Mtoto anakaa huku mbele ya kioo, anashika kijiti cha kuendeshea, anaona unachofanya, anaongea, na Kibuyu kinasema huko kwako. Sauti ni hiyohiyo moja ya mtu aliyebanwa pua, aongee nani aongee nani. Hata Madamu mwenyewe na ukali wake wote akiongea humo anatoka kama bata.

Nimeandika kwa mambo mawili. La kwanza, betri. Chaja mpya imeagizwa, na wewe ni mtu mzima unajua maana ya "imeagizwa". Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, nitatuma betri niliyoijaza huku, kwenye boksi kwa basi, nanyi mnirudishie iliyokwisha. Ukiwa na neno, liweke humo humo. Kwenye Kibuyu wakubwa haturuhusiwi kupiga soga.

La pili, chai yako. Kibuyu kiliingia kinyumenyume, kikagonga meza, chai ikaenda. Kosa si la mitambo. Ni la Chiriku, miaka minane, mdomo kama redio. Nilimwambia, "Geuka uingie kwa uso kama mtu." Akanijibu, "Nikiingia kwa mgongo, nikikuta hanitaki, natoka mbio bila kugeuza." Nikamwacha aingie kwa mgongo.

Tusamehe chai.

Chaja


Chumba namba nne, nyumba ya wazee
19 Februari

Chaja,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu mwandiko wako unakimbia kama umeona nyoka.

Usimkanye mtoto. Nimemwambia dada wa zamu kila Jumatano asukume meza ukutani, anayeingia kwa mgongo apite. Chai nitakunywa Alhamisi.

Mimi ni fundi viatu, miaka hamsini na mmoja kwenye kigoda. Watu nimewajua kwa miguu. Nikiinua macho, ni kuhakikisha tu kama uso unafanana. Kuna mteja aliniletea kiatu kimoja. Nikamuuliza, cha pili kiko wapi? Akasema, "Amekishika mke wangu, anasubiri nirudi." Hicho ndicho kichekesho changu, sina kingine.

Mtoto aliniuliza kwenye kopo langu mna nini. Nikamwonyesha msharasi wa kutobolea ngozi, uzi, na nta. Akauliza uzi unapakwa nta kwa nini. Hilo sijawahi kuulizwa na mtu. Wanangu wawili walikua juu ya mabaki ya ngozi na hawakuuliza, na walitembea peku mpaka walipoondoka, maana kila siku niliwaambia kesho. Mfinyanzi hulia gaeni. Sasa wako mbali, na miguu yao sijui namba gani.

Nina ombi. Nina presha ya macho. La kushoto limeshafunga duka. La kulia, daktari anasema mwisho wa mwaka likifika mbali sana. Kabla halijafunga, nataka kushona jozi moja ya ngozi, ya huyo mtoto. Msimamishe peku juu ya karatasi, uzani wote chini, penseli wima, uzungushe. Uniwekee kwenye boksi. Usimwambie.

Fundi


Chumba cha mitambo
5 Machi

Shikamoo Babu Fundi,

Mguu huo hapo, nimeukunja chini ya betri, usije ukausahau.

Ili asishtukie nilitangaza kwa watoto wote kwamba kuna utafiti wa miguu. Nikachora miguu kumi na minane, Babu. Mingine ilikuwa imetoka kuchezea matope, nikapumua kwa mdomo. Wa Chiriku ulikuwa wa mwisho. Ule mstari ulioruka kwenye kidole kidogo si mkono wangu kutetemeka, ni yeye alitekenywa na penseli akaruka. Tulirudia mara tatu, akaruka mara tatu, palepale. Nikaona basi, ndiyo sahihi yake.

Kile kichekesho cha mke na kiatu nimekicheka mpaka Madamu akachungulia.

Mimi sikujua kama mguu unapimwa. Mimi nimelelewa na shangazi, baba yangu nilimkuta amekwenda. Viatu vyangu vyote tangu utoto vilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Ukivaa hivyo unajikuta mguu wako ndio unaofuata kiatu. Nina kidole kimelala juu ya mwenzake mpaka leo, kama abiria.

Chiriku anauliza kama msharasi una jina. Anasema kitu chenye kazi kubwa hivyo hakiwezi kukaa bila jina.

Chaja


Chumba namba nne
19 Machi

Chaja,

Mguu nimeupata. Mwembamba, kidole cha pili kimempita kidole gumba. Anakanyagia ukingo wa nje, mwenye haraka huyu. Kisigino kidogo kuliko umri wake. Ningeukuta kwenye miguu mia ningeuokota.

Ngozi ninayo, nilikuwa nimeificha kwenye mto wa kulalia. Lakini sikati bado. Desturi yangu ni moja na haijawahi kuvunjwa: mguu wa mtu mzima unapimwa mara moja, wa mtoto hupimwa mara mbili. Unapima leo, unasubiri miezi miwili mitatu, unapima tena. Hapo unaujua mwendo wake wa kukua, ndiyo unakata. Ukikata kwa kipimo kimoja umemshonea mtoto aliyekwisha kupita.

Mwezi wa tano utanipa kipimo cha pili. Jicho litangoja, nimeliambia.

Lile swali la Chiriku, msharasi haukuwa na jina. Sasa unalo. Jumatano ameuita Kiroboto.

Fundi


Chumba cha mitambo
17 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo.

Kabla hujasema "leo kimemfika nini", ni kweli kimenifika.

Yule mtoto niliyekuhadithia, Chiriku, ameondoka. Mama yake anapikia wajenzi wa barabara, na kambi ikihama naye anahama na masufuria yake. Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja na mabegi, akamtoa mtoto darasani, wakaenda. Namba ya simu aliyoiacha haipatikani. Chiriku alinipungia akiwa anatembea kinyumenyume mpaka kona.

Madamu akasema mzee ataarifiwa kwa utaratibu, kisha atapangiwa mtoto mwingine. Utaratibu wa Madamu ninaujua, ndio ule ule ulioagiza chaja.

Ikafika Jumatano. Nikawasha kioo nimwone tu. Shangazi, yule mzee alikuwa amekaa na shati lililopigwa pasi, soksi mpya, na meza imesukumwa ukutani ili mtoto apite. Anaangalia Kibuyu kimesimama kama jiwe. Dakika kumi. Akakiambia taratibu, "Chiriku, leo umenichoka?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kijiti. Nikasema, "Shikamoo babu." Ikatoka ile sauti ya bata, kama ya kila mtu. Akatabasamu.

Ningeacha hapo ningekuwa mtu mwema. Jumatano hii nimerudia. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, umekula?" Nikasema nimekula. "Umenawa miguu?" Mwanaume wa miaka thelathini na minne, ndevu hizi unazozijua, naulizwa kama nimenawa miguu. Nikajibu, "Nimenawa, babu." Na nilikuwa sijanawa. Nikazima kioo, nikakaa pale nimeshika kijiti mpaka mfagiaji akaniambia ninyanyue miguu.

Nifanyeje?

Mwanao, Chaja


Saluni
29 Aprili

Wewe mtoto,

Unajua la kufanya ndiyo maana umeandika kwangu, ili nikugombeze halafu ujisikie umeshalipia. Haya, nakugombeza. Njia ya mwongo ni fupi. Mwambie mzee.

Tena nikuulize, na ujibu ukiwa peke yako. Unamlinda mzee au unajilisha wewe? Maana mimi nilikulea, nilikuosha hiyo miguu kwa nguvu ukipiga kelele mtaa mzima unadhani nachinja. Baba sikuweza kukupa, nilikuwa sina. Sasa umempata kwenye kioo, kwa jina la mtoto wa mwenzio. Mimi sikucheki. Lakini aliyesogezewa meza si wewe.

Kuhusu huyo mama, mpishi wa kambi anasuka nywele kama watu wengine. Nitauliza kwa wateja. Na kambi ya barabara haifichiki, fuata vumbi.

Shangazi


Chumba namba nne
14 Mei

Chaja,

Mwezi wa tano huu. Kipimo cha pili.

Jicho la kulia asubuhi ni zima, mchana linaweka ukungu. Nimeshachonga kalibu, mti wa kuvishia kiatu, lakini nimeacha mbele bila kumaliza, nangoja mguu.

Chiriku siku hizi ameendelea sana. Anaingia kwa mbele, hagongi kitu. Hata meza ningeweza kuiacha mahali pake. Lakini bado naisogeza.

Fundi


Chumba cha mitambo
28 Mei

Shikamoo Babu Fundi,

Nakutumia mguu. Umekua vizuri, mwenyewe utaona. Mwenye mguu anakusalimia sana.

Samahani barua fupi, kazi zimenizidi.

Chaja


Chumba namba nne
11 Juni

Chaja,

Huu mguu si wa Chiriku.

Huu ni wa mtoto mwingine, wa kike pia, nadhani mnene kidogo. Wayo umelala wote chini, hauna upinde. Kidole gumba ndicho kinachoongoza. Mstari hauruki popote, huyu hatekenyeki. Ulichora miguu kumi na minane, ukadhani kwangu miguu ni miguu. Ni kama umemletea mama picha ya mtoto wa jirani.

Lakini si mguu ulioniambia. Nilijua tangu mwezi wa nne. Chiriku hakuwahi kunisalimia kwanza, yeye alipiga hodi akiwa ameshafika katikati ya chumba. Huyu wa sasa anaanza na shikamoo. Na siku ile nilimhadithia kichekesho cha mteja wa kiatu kimoja, Kibuyu kikacheka kabla mke hajatajwa. Mtu anayecheka mapema amekwisha kukisikia. Nilikiandika kwa mtu mmoja tu.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ningesema, Jumatano ingekwisha. Wewe ulikuwa unanidanganya, na mimi nilikuwa nakunywa ule uongo kama chai, nikijua hauna sukari. Tuko sawa, usijipige kifua.

Ila ngozi siwezi kuidanganya. Nikitia kisu lazima nijue namkatia nani.

Sasa nijibu jambo moja. Usiniwekee maneno mengi, wala mzaha. Usingoje boksi. Andika kwa herufi kubwa, jicho lisihangaike.

Yu hai?

Fundi


Chumba cha mitambo
13 Juni, kwa mkono wa dereva wa basi

YU HAI.

Babu, yu hai na mzima. Walihama tu. Mama yake alifuata kambi ya barabara, hawakuacha anwani. Nakuapia kwa mkono wa shangazi yangu, na ule mkono nauogopa.

Sikufikiria kabisa kwamba ungewaza hilo. Nilijiona nakuepusha na jambo dogo, kumbe wiki zote hizi umekaa na kubwa. Kwa hilo sina kichekesho.

Sikuanza kwa ubaya. Ulimuuliza kama amekuchoka, nami nilikuwa karibu na kijiti. Jumatano ya kwanza ilikuwa kwa ajili yako. Hizo nyingine zote zilikuwa zangu. Ulikuwa unaniuliza kama nimekula.

Sitagusa tena kijiti. Mwenye ule mguu wa pili ni wa darasa moja na Chiriku, tunamwita Boflo. Jumatano atakuja yeye, kwa jina lake.

Na Chiriku nitamtafuta. Kuuza chaja ni kutembea, Babu. Hakuna kambi isiyo na simu iliyokwisha moto.

Chaja


Chumba namba nne
25 Juni

Chaja,

Herufi zako kubwa nimezibandika ukutani. Dada wa zamu anauliza ni nani yu hai. Nimemwambia wengi.

Boflo amekuja. Anaendesha kama mgonjwa anawahishwa hospitali. Jioni vifundo vinamuuma, mwambie mama yake amtafutie viatu vyenye kuinuka katikati.

Hima. Ukungu sasa unaanza saa nne asubuhi.

Fundi


Kambini, nimekaa juu ya ndoo
13 Agosti

Babu Fundi, shikamoo shikamoo shikamoo!

Nimempata!

Kambi ya kwanza walinifukuza, walidhani mimi ni wa kodi. Ya pili nikauza chaja nne na sikumpata mtu. Ya tatu walinielekeza kwa mpishi, kumbe mpishi mwenyewe ni mwanaume ana masharubu. Halafu Shangazi akaleta neno kutoka kwa mteja wake, kwamba kuna mama anapikia kambi ya daraja, ana binti haishi maneno. Nikasema huyo huyo.

Nimefika mchana. Mama alikuwa anakoroga sufuria ambalo mimi ningeweza kuoga humo. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Nani kakutuma?"

"Kibuyu, mama."

"Kibuyu gani? Jua limekuchoma wewe?"

Nyuma ya turubai ikatoka sauti, "Kibuyu changu!"

Nikasubiri atoke mbio. Hakutoka mbio. Alitoka kinyumenyume, Babu. Mgongo mbele, polepole, mpaka akanigonga tumboni, bado hajageuka.

Nikamwambia, "Chiriku, ndiyo salamu hiyo?"

Akasema, hajageuka, "Umekuja kuniambia babu amekufa?"

Nikamwambia hapana, yuko, ameketi, ana soksi mpya. Hapo ndipo akageuka. Amerefuka. Meno mawili ya mbele yameng'oka, mapya yanachungulia. Swali la kwanza, "Bado anasogeza meza?" Nikamwambia kila Jumatano. Akaenda kusimama nyuma ya gunia la viazi kwa muda, akarudi uso umelowa, akasema ni moshi.

Mama anasema simu ilitumbukia kwenye maji ya vyombo, namba zote zikazama nayo. Anaomba radhi. Anasema pia huku hakuna shule karibu mpaka kambi ihame, na itahama mwishoni mwa mwaka, wapi hajui. Kibuyu huku hakiwezi kufika, hata mtandao wenyewe unapanda kilimani kuutafuta. Nisikufiche, Babu. Nimempata lakini sikurudi naye.

Kipimo hicho hapo, miguu yote miwili. Ameandika mwenyewe pembeni. Safari hii nilimwambia ni cha nini. Najua ulikataza, ila mimi na siri tumeachana.

Chaja


(Pembeni mwa karatasi yenye miguu)

Babu. huu ni mguu wangu wa ukweli. nimekanyaga kwa nguvu. Chaja amenitekenya tena. Kiroboto hajambo? mimi nikilala nafanya mkono hivi kama nashika kijiti naingia kwako. hugongi kitu. yaani sigongi kitu. usimpe mtu viatu vyangu

mimi Chiriku


Chumba namba nne
22 Oktoba

Chaja,

Mwandiko huu si wangu, ni wa dada wa zamu. Yeye anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze lake. (Sijaongeza. Ila amekataa kula vizuri, na hilo lazima lijulikane. Dada wa zamu.)

Karatasi niliiona kwa jicho langu, ashukuriwe Mungu. Mstari umeruka palepale. Mguu umekua upana wa kidole changu kidogo tangu mwezi wa tatu. Kipimo cha kwanza na cha pili. Nikakata.

Cha kulia nimekishona nikiona. Cha kushoto nilipofika kisigino, asubuhi moja nikafungua jicho na ukungu haukuondoka. Mpaka leo haujaondoka. Nikakaa siku mbili na msharasi mkononi. Siku ya tatu Boflo akaingia kwa kishindo, akaniuliza, "Babu, mbona hushoni?" Nikamwambia sioni. Akasema, "Si ulisema watu unawajua kwa miguu?" Mtoto hana adabu hata chembe. Nikamalizia kwa vidole. Tundu moja natafuta kwa kidole cha kushoto, sindano inafuata. Siku kumi na moja kwa kisigino kimoja.

Vimo kwenye boksi, chini ya betri. Nimeacha nafasi ya kukua mpaka mwaka ujao, baada ya hapo havitamtosha tena. Mpelekee kabla kambi haijahama. Mwambie meza iko ukutani.

Sasa wewe. Uliniandikia kwamba mguu wako haujawahi kupimwa na mtu. Nimelikumbuka hilo. Kushona sitaweza tena, nisikudanganye. Lakini nataka kukujua, na kuchora hakunisaidii sasa. Kanyaga boksi gumu peku, chora, kisha ukate kwa mkasi, miguu yote miwili, uniletee. Nitaisoma kwa kupapasa ukingo.

Jumatano zile nilizokuita mjukuu, nilijua namwita nani.

Fundi
(Amelia kidogo hapo mwisho. Ananiambia nifute. Sifuti. Dada wa zamu.)


Chumba cha mitambo
5 Novemba

Babu yangu, shikamoo.

Vimefika. Niliwakuta wameshaanza kung'oa mahema, kambi imewahi kuhama. Alivivaa palepale juu ya vumbi, mama yake anapiga kelele avue mpaka siku ya maana. Akatembea mbele, akatembea kinyumenyume, akaruka. Nikamuuliza kipi kinamkaa vizuri zaidi, sikumwambia kipi ulimalizia kwa vidole. Akafikiri, akasema cha kushoto, kwa sababu "hiki kinanishika". Nakuletea neno lake kama lilivyo.

Lori liliwachukua jioni hiyo. Alikaa nyuma juu ya masufuria, ameninyooshea miguu yote miwili nione, mpaka nikaacha kuona miguu nikaona lori, kisha vumbi. Wanakokwenda amesema ataandika. Nimemwachia bahasha ishirini zenye anwani yako.

Boflo anasema Jumatano atakusomea kila itakayokuja, ila anasoma kwa kugonga gonga kama anavyoendesha.

Miguu yangu hiyo hapo chini ya betri. Nimekata kwenye boksi la chaja zilizobaki, kwa hiyo ukipapasa wayo utakuta maandishi yaliyoinuka, si ugonjwa. Kile kidole kilicholala juu ya mwenzake sikujua nikikate vipi, nikakiacha kama nundu. Nilisimama uzani wote chini, penseli wima, kama ulivyosema. Shangazi ndiye aliyenizungushia, alikuja kunitembelea. Nikaruka, Babu. Palepale kwenye kidole kidogo. Shangazi akanipiga kofi la kisogo.

Kabla ya kukanyaga nilitafuta ndoo na sabuni.

Nimenawa miguu, Babu. Safari hii kweli.

Mjukuu wako mwenye ndevu,
Chaja